Sufuria Isiyotiwa Chumvi

Kwa miaka miwili mama yangu mzazi alifanya kazi chini yangu. Hili nalisema mapema ili asije mtu akadhani nalificha. Mimi nilikuwa msimamizi wa jiko la hospitali, mwenye diploma ya upishi na lishe. Yeye alikuwa mpishi wa kawaida. Aliingia humo kufua vitambaa vya jikoni, akapandishwa kumenya, akapandishwa kupika, na hapo akabaki. Jumla miaka ishirini na sita. Chuo changu kilitoka kwenye mwiko wake.

Nyumbani alikuwa mama. Kazini aliniita Madamu, na nikiingia asubuhi alisimama kama wenzake. Siku ya kwanza nilimwambia aache mambo hayo. Alinijibu kwamba yeye akikaa, wale wengine watasimama kwa miguu tu, mioyo imekaa. Basi nikamwacha asimame.

Jiko la hospitali halipiki chungu kimoja. Kuna chakula cha watu wote, kuna cha wenye kisukari, kuna laini cha wasio na meno, na kuna kile kisichotiwa chumvi hata punje, cha wagonjwa wa moyo, figo na presha. Sufuria zenyewe zinafanana kama mayai. Kabla sijafika, mama alikuwa akifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa ile isiyo na chumvi. Tena hakuna sufuria iliyotoka mlangoni kabla hajadondosha tone kiganjani na kuonja.

Nilipiga marufuku vyote viwili. Kitambaa kinashika uchafu, na kiganja si kijiko. Nikaleta utepe wa gundi na kalamu ya wino mzito, kila sufuria ikaandikwa. Kuonja kukawa kazi ya msimamizi peke yake, kwa kijiko safi, na akishaonja anatia alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mama alifungua vitambaa vyake, akavifua, akavikunja, akanikabidhi. Aliyesema ni muosha vyombo wetu, ambaye jiko zima lilimwita Masufuria naye akaitika.

"Haya, Madamu. Na mvuke nao unajua kusoma?"

Nikamwambia aendelee kusugua.

Jumanne moja wapishi wawili waliugua, ikabidi nami nivae aproni nishike mwiko. Kulikuwa na sufuria tatu za maharage. Jiko moja lilikuwa linawaka kwa kusuasua, nikamwagiza mama abadilishe sufuria mbili nafasi. Akabadilisha. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliagiza hivyo. Utepe wa ile isiyotiwa chumvi ulikuwa umelainika kwa mvuke ukabanduka, na mimi nikatia chumvi mahali nilipokumbuka, si mahali palipokuwa. Saa sita ilikuwa inanikimbiza. Nikaenda ukutani nikatia alama tatu kwenye karatasi ya kuonja, na sikuwa nimeonja hata moja.

Maharage yale yalikwenda wodini mchana, na yaliyobaki yakaenda jioni.

Asubuhi ya Jumatano, mwalimu mmoja mstaafu wa wodi ya wanaume, mgonjwa wa moyo ambaye siku ile angeruhusiwa kwenda nyumbani, aliamka miguu imevimba kama magunia na hawezi kupumua akilala. Wakamwekea oksijeni. Wengine wawili presha zilipanda. Daktari akauliza walikula nini, na haukupita muda matroni akashuka jikoni. Huwa tunabakiza bakuli moja la kila chakula kwenye friji kwa siku tatu, kwa ajili ya mambo kama hayo. Alichukua bakuli la maharage yasiyo na chumvi, akaonja, akalirudisha mezani polepole.

Akauliza ni nani aliyetia chumvi.

Jikoni tulikuwa watu saba. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye beseni na hakuna aliyeyafunga. Nilifungua mdomo. Ningependa kusema nilitaka kukiri, lakini mpaka leo sijui nilitaka kusema nini, kwa sababu mama alikuwa ameshatoka kwenye mstari, anafuta mikono kwenye aproni.

"Ni mimi, Matroni. Macho yangu siku hizi hayanisaidii."

Matroni akageuka kuitazama karatasi ya ukutani, akaniuliza kama nilionja. Mama akajibu kabla yangu, kwa adabu yote, kwamba Madamu alionja vizuri ila yeye ndiye aliyetia chumvi baadaye, akidhani ni sufuria nyingine. Uongo ule ulikuwa umepikwa ukaiva, haukukosa kiungo.

Nikanyamaza. Hakuna namna nzuri ya kuliandika hilo. Nilinyamaza, mama yangu akaondolewa mbele ya jiko siku ileile, akapelekwa kwenye beseni kusugua pamoja na Masufuria, akisubiri kikao cha utawala siku ya Ijumaa. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Kila mtu alijua kikao kitasema nini: aende sasa, na kwenye barua yake waandike uzembe. Miaka ishirini na sita, na neno la mwisho liwe hilo.

Jioni nilimfuata chumbani kwake nikamwuliza amefanya nini. Alikuwa anapaka mafuta viganja, sabuni ya vyombo ilikuwa imevikausha. Akaniambia nisipige kelele, mtoto anasoma. Hesabu yake ilikuwa fupi: mimi nina miaka zaidi ya ishirini mbele yangu na mtoto wa kulea peke yangu, yeye ana miezi minne, sasa katika sisi wawili wa kuanguka ni nani? Kisha akanikumbusha yale ya Paulo, ya kumhesabu mwenzako kuwa bora kuliko nafsi yako. Mama hakusoma sana, husoma Biblia kwa kidole, lakini anachokisoma hukifanya. Hiyo ndiyo shida yake.

Nilibisha kidogo. Kidogo tu. Halafu nikakubali, na usingizi niliupata.

Alhamisi alirudi nyumbani mapema kuliko mimi akapika, kama kawaida yake. Tukakaa mezani watatu, mimi, yeye na binti yangu wa miaka tisa. Binti alikuwa akichora mistari ukingoni mwa sahani kwa uma. Mwisho akaniuliza mimi, si bibi yake, kama ni kweli Bibi alikaribia kuua mtu. Mtoto wa Masufuria anasoma naye darasa moja.

Kabla sijajibu mama alisema, "Kweli, mjukuu wangu. Bibi amezeeka."

Alitamka hayo kwa upole, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Binti akaitikia kwa kichwa. Akaitazama sahani yake, akanitazama mimi. Hakugusa chakula mpaka nilipotangulia kumeza mimi.

Mtoto huyu alipewa uji wake wa kwanza na mikono ile. Mama aliona. Akainuka, akajifanya anatafuta kijiko kabatini, na kijiko chake kilikuwa mbele yake.

Nilimaliza kutafuna nikamwambia binti yangu kwamba Bibi hakutia chumvi, niliyetia ni mimi. Mama akasema niache. Nikasema siachi. Binti akauliza kwa nini basi Bibi alisema ni yeye, nikamwambia kwa sababu ananipenda na kwa sababu mimi niliogopa. Akafikiri. Akauliza kama nimeshamwambia mwalimu wa watu wakubwa, yaani wakuu wangu wa kazi. Nikamjibu kesho.

Ijumaa saa tano niliingia kwenye kikao kabla mama hajaitwa. Alikuwa nje kwenye benchi, amevaa gauni lake la kanisani. Niliwaeleza mambo yote kwa mpangilio: jiko lililosuasua, utepe uliobanduka, alama tatu za uongo ukutani. Nikawaeleza pia kuhusu vitambaa vyekundu, kwamba kwa miaka yote ya vitambaa vile kosa hili halikuwahi kutokea. Katibu wa hospitali akaniuliza kwa nini sikusema Jumatano. Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Lililotoka ni kwamba niliona mtu amenishikia mzigo, nikamwachia.

Hawakunifukuza. Waliniondoa kwenye usimamizi kwa mwaka mzima na kunipa barua ya onyo. Walisema kuanzia Jumatatu nitakuwa mpishi, jiko litasimamiwa na mtu kutoka hospitali nyingine. Mama anarudi kwenye sufuria zake na jina lake ni safi. Walimwita ndani, wakamsomea hayo, wakamwonya pia kwa kuudanganya utawala, akatoka bila kunitazama.

Nilimkuta mwisho wa korido, amesimama kuelekea dirishani. Nilidhani analia. Kumbe amekasirika.

"Nilitaka kukubeba," akasema. "Umeshuka mgongoni mwenyewe, mbele za watu. Umeniaibisha."

Nikamwambia hiyo si aibu, aibu ni mimi niliyemtazama akisugua masufuria siku mbili. Akasema kusugua masufuria ndiko alikoanzia, hakujamwondolea ngozi. Kristo mwenyewe alijishusha akawa mtumishi, akabeba ya watu na hakufungua kinywa kujitetea, sasa yeye nani hata asibebe ya mtoto wake wa kumzaa?

Mimi si mtu wa kubishana Maandiko na mama yangu. Siku hiyo nilibishana.

"Alinyamaza, mama. Hakudanganya kwamba ni yeye aliyeiba. Na mimi uliniweka pale Petro alipokuwa, naota moto na kukana. Petro alilia. Hukunifikiria hapo."

Akageuka. Nilimwona akilipima neno lile kama anavyopima unga, bila haraka. Mhudumu alipita na toroli la mashuka, tukasogea ukutani kumpisha.

"Petro hakufikiriwa na mtu," akasema mwishowe. "Ni kweli. Nilidhani nakufanyia wema."

"Ulinifanyia. Lakini mimi ni mzito, mama. Nina miaka thelathini na minane."

"Ulikuwa mzito tangu tumboni," akasema. "Mkunga alisema nimebeba tofali."

Nikacheka vibaya, ile ya kutoka puani, na machozi yakafuata njia hiyohiyo. Akanifuta kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyomfuta mtu aliyejipaka masizi. Akaniuliza kama nimeshakwenda wodini kwa yule mwalimu mgonjwa. Nikamwambia ndiko ninakokwenda, nilikuwa natafuta miguu. Akaninyoshea gauni begani, akatangulia yeye.

Mwalimu mstaafu alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Oksijeni ilikuwa imetolewa siku iliyotangulia, miguu bado minene lakini inapungua. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkono wa kulia una sindano ya dripu. Bakuli la chakula cha mchana lilikuwa kando yake na halijaguswa. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Sikuusingizia mvuke, sikumsingizia shetani. Nikamwomba msamaha.

Akanisikiliza mpaka mwisho kama anayesahihisha insha.

"Yaani yale maharage ya Jumanne ni wewe?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Mwanangu, nimelala hapa wiki mbili. Siku niliyokula chakula ni hiyo moja."

Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akaendelea, uso haujacheka hata kidogo, kwamba alipokuwa anatafuta pumzi usiku ule alijiambia kama ni kufa, basi walau amekufa ameshiba. Kisha akavua miwani na sauti ikabadilika. Alisema aliogopa. Mkewe alikuja Jumatano na nguo za kumpeleka nyumbani, amezipiga pasi, akamkuta na mipira puani. Akaketi pale na nguo zile mapajani siku nzima. Hilo alitaka nilijue.

Nikasema nimelijua.

"Basi yameisha," akasema. "Nimekusamehe. Na mke wangu nitamwambia, ila yeye utamwomba mwenyewe, anakuja saa kumi."

Nikaitikia kuwa nitakuwepo. Nikamwuliza kwa nini hajala. Akainua mkono wenye sindano, akasema wa kushoto haujawahi kufunzwa, na isitoshe hicho kilichomo bakulini hakihitaji kuharakishwa. Nilitazama nyuma. Mama alikuwa ameshavuta kiti akakiweka kando ya kitanda, lakini hakukikalia. Alisimama nyuma yake, ameshika egemeo, ananisubiri mimi.

Nikakaa. Nikachukua bakuli, maharage yasiyo na chumvi, yamepoa, rangi yake ya huzuni. Nikachota nusu kijiko, nikaonja kwanza mwenyewe, kisha nikatwaa kijiko kingine safi kwenye trei, nikampelekea mdomoni. Akatafuna amefumba macho.

"Hii adhabu ni yangu au ni yako?" akauliza.

"Yetu sote," nikamjibu.

Nyuma yangu mama alikuwa anamweleza kwamba kesho atamtilia ndimu na kitunguu saumu, ulimi utadanganyika na moyo hautajua. Mzee akasema ndimu mbili. Mama akasema moja, asizoee. Waliendelea kupatana hivyo, juu ya kichwa changu, nami nikamlisha kijiko baada ya kijiko mpaka bakuli likaisha.