Sifa za Adigun

Mhariri wangu, Bwana Oyelaran, aliniwekea santuri mezani. "Wewe ndiye bingwa wa muziki hapa Ibadan. Andika maneno matamu. Chifu Bamidele kasifiwa upande mzima, na Jumamosi anaizindua mwenyewe."

Wakati wa uchaguzi, vijana wa Bamidele walimchoma moto mume wangu Adigun, karani wa kituo cha kura, kwa kukataa kubadilisha matokeo. Oyelaran anajua. Mjini hapa nani hajui? Ila mtu huyo hata makala zangu husoma mstari wa kwanza tu, kisha hutia saini zichapwe gazetini.

Nikaenda na santuri nyumbani. Ngoma zilipanda vizuri. Nakiri kwa aibu, mabega yangu yalianza kucheza kabla akili haijakataa. Kisha Rafiu Alabi, mwimbaji yule yule aliyetumbuiza kwenye harusi yetu, akaingia: "Mjukuu wa mhunzi aliyefua jembe siku aliyomzika mkewe..."

Mabega yakasimama. Hizo ni sifa za ukoo wa Adigun. Kwetu kila ukoo una zake, hazigawiwi kama sahani ya amala. Rafiu alifundishwa hizo kwa ajili ya harusi yetu, na sasa, sijui ni uvivu au tamaa, kamvika muuaji.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Sifa hizo alimwimbia mwanawe kila asubuhi tangu akimnyonyesha. Akapiga magoti mbele ya gramafoni huku analia. "Wamemkumbuka! Adigun wangu, wamemkumbuka!"

Nikainua sindano haraka.

"Mbona umezima, mke wetu? Si anakaribia kulitaja jina lake?"

Nilitamani sana kumdanganya. "Mama, jina linalofuata ni la Bamidele."

Alikaa sakafuni mpaka amala ikaanza kuungua jikoni. Halafu akasema, "Chukua kalamu."

"Mama, watatuchoma na sisi!"

"Chukua kalamu, nimesema. Huyo Rafiu wako anazijua nusu tu."

Akaanza tangu mwanzo, polepole, kama anamwamsha mtoto. Nikaandika. Alipomaliza akajifuta uso. "Sasa weka jina la mwenyewe. Na chini yake, la aliyemuua."

Nikayaandika yote mawili. Kisha nikarudi juu ya ukurasa, nikamtungia Oyelaran mstari wa kwanza mtamu.