Fizikia Ndani ya Kikapu

"Sijakataa kwa sababu ya roho mbaya," Janeffer alisema, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Nimekataa kwa sababu wewe hutaki mwalimu. Unataka mtu wa kuonyeshwa wageni."

"Ni siku moja tu, Mama Chepngeno." Prinsipo Hezekiah alikuwa amelisema hilo mara tatu tangu aketi, na chai yake ilikuwa imeshika utando.

"Siku moja. Na ile miaka mitatu watoto wamekaa bila mwalimu wa fizikia, hiyo tuiweke wapi?"

Mwalimu mwenyewe alikuwa juu ya meza, kati ya chupa ya chai na bakuli la sukari, akisikiliza kwa adabu. Alianzia kiunoni. Chini ya mshipi hakuwa na kitu, kwa sababu kwenye video hakuna aliyewahi kumpiga picha chini ya mshipi.

Alikuwa ametoka kwenye simu mwezi wa sita. Chepngeno, binti ya Janeffer, alikuwa akifuata masomo ya bure kwenye intaneti, yale yaliyopangwa kwa rafu kama duka: hesabu, kemia, historia, kilimo, kila kitu hadi muziki. Masomo yalikuwa bure; bando halikuwa bure. Liliisha wakati mwalimu wa fizikia ameinama kuonyesha mwale wa mwanga unavyopinda. Akakosa pa kuegemea, akatoka, akatua kwenye kitambaa cha meza. Chepngeno alimpa mursik, maziwa ya kuganda, kutoka kwenye kibuyu, kama anavyopewa mgeni yeyote, naye akanywa. Kesho yake Janeffer alinunua bando ili mgeni arudi kwao, lakini simu haikumpokea tena. Mgeni aliyekunywa maziwa ya nyumba haondoki mpaka mwenye nyumba amsindikize, na hakuna aliyejua njia ya kwao inaanzia wapi.

Hawakuwa peke yao. Pale Sotik, Wangeci wa duka la unga alikuwa na mwalimu wa biashara kwenye kaunta, na wateja wa upande wa Kisii walimsikiliza wakisubiri chenji. Metrine wa Ndanai alikuwa na mama wa historia aliyelia kila alipofika kwenye vita.

Huyu wa fizikia hakusumbua. Alijua vipindi sitini na vinne, na nje ya hivyo hakuwa na neno. Ukimgusa bega mara moja, alirudia. Mara mbili, alienda mbio. Watoto wa jirani walikuja wakasimama dirishani na madaftari, wakamgusa bega kwa zamu. Janeffer alikuwa na diploma ya kilimo aliyoipata miaka ishirini iliyopita, na hakupenda kuambiwa jambo mara mbili. Hata hivyo kipindi cha lenzi alikuwa amekisikia mara kumi na tisa akiosha vyombo.

"Nikuambie ukweli," Prinsipo alisema, akishusha sauti. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Kitabu cha mahudhurio kina mwalimu wa fizikia, jina lake Zacheus. Mkaguzi asipomwona, shule itaondolewa fizikia kwenye mtihani wa mwaka huu. Watoto arobaini na mmoja. Wako ni namba saba kwenye orodha."

"Huyo Zacheus yuko wapi?"

"Yuko kwenye kitabu."

"Na anakula wapi?"

Prinsipo alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Chepngeno alikuwa mlangoni, ameshika ndoo ya maziwa, hajaenda popote. Bibi yake alipovunjika nyonga walimpeleka hospitali ya Longisa, na huko msichana aliona mifupa ya mtu aliye hai imeangikwa mbele ya taa. Tangu siku hiyo alitaka kazi moja tu, ya kupiga picha hizo. Bila fizikia hawamwiti hata kwa mahojiano. Alimtazama mama yake tu, na hilo ndilo lililomkera Janeffer kuliko maneno yote ya Prinsipo.

"Nitamleta," alisema. "Lakini nitambeba mwenyewe na nitakaa naye. Amekunywa kwangu. Simkabidhi mtu."

"Hakuna shida, mama. Hakuna shida kabisa."

"Shida iko. Kunywa chai yako uende."

Alhamisi asubuhi alimtia mwalimu kwenye kikapu cha kuchumia majani chai, akamtandikia gunia chini asichomwe na fito, akakipachika kikapu mgongoni. Chepngeno alitangulia na madaftari. Njiani, kwenye kituo cha kupimia majani, foleni ilikuwa ndefu na lori lilikuwa limeshafika. Vinny, karani wa mizani, hakuruhusu kikapu kupita bila kupimwa, kwa sababu wiki iliyotangulia mtu alikuwa amepitisha mawe.

"Si majani," Janeffer alimwambia. "Ni mwalimu."

"Mama, kila kitu hapa ni cha kupimwa."

Akakiangika. Mshale haukusogea.

"Hana hata gramu," Vinny alisema, na kuandika sifuri.

"Wenye uzito wako kwenye vitabu," Janeffer alijibu, akakipachika tena mgongoni.

Shuleni Prinsipo alikuwa amejiandaa. Nyuma ya meza ya mwalimu aliweka suruali nyeusi iliyoshindiliwa maganda ya mahindi, na chini yake jozi ya viatu vilivyopakwa rangi. Janeffer alimweka mwalimu juu ya suruali hiyo. Alikaa vizuri, ila kidogo upande. Wanafunzi arobaini na mmoja walisimama, wakasalimu, wakaketi. Janeffer alikaa nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu.

Mkaguzi aliingia saa nne, mtu mwembamba mwenye fomu kwenye ubao wa plastiki. Mwalimu aligeukia ubao na kuanza kipindi cha lenzi. Mkaguzi alisikiliza kwa dakika mbili, akatia alama. Akachungulia chini ya meza, akaona maganda yakitoka kwenye pindo la suruali.

"Hana miguu," alisema.

"Ni hali yake, bwana," alisema Prinsipo.

"Miguu haiko kwenye fomu." Akafungua ukurasa wa pili. "Sahihi ndiyo iko. Niletewe kitabu, atie sahihi mbele yangu nilinganishe."

Prinsipo alikileta kitabu cha mahudhurio kwa mikono miwili. Janeffer aliinuka na kusogea mbele, akasoma juu ya bega la mkaguzi. Zacheus alikuwa ametia sahihi kila siku kwa miaka mitatu, kwa wino uleule. Alikuwa ametia Jumapili. Alikuwa ametia siku ya Krismasi. Alikuwa ameshatia hata siku ambazo hazijafika, mpaka mwisho wa Novemba.

Prinsipo akampa mwalimu kalamu, akamwonyesha mstari. "Andika Zacheus. Herufi saba tu."

Mwalimu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Aliandika Z, na kidole chake kidogo kikaisha, taratibu, kama chaki inavyoisha. Aliandika a, kikaisha cha pete. Hakuonyesha maumivu. Alipoandika c, cha kati kikaenda, na kalamu ikabaki kwenye vidole viwili. Chepngeno, kwenye dawati la mbele, alikuwa akihesabu herufi zilizobaki, na mama yake alimwona akihesabu.

Janeffer naye alihesabu. Zilibaki nne. Vidole vilikuwa viwili, na baada ya vidole ungefuata mkono, na baada ya mkono ile sauti iliyokuwa ikirudiwa dirishani kwake tangu mwezi wa sita. Akimaliza kuandika jina lile, angekuwa Zacheus kamili, yaani asingekuwapo. Watoto wangebaki na mtihani bila mwalimu. Akiachia kalamu, wangebaki na mwalimu bila mtihani.

Alinyoosha mkono akaichukua kalamu.

"Mama Chepngeno," Prinsipo alisema, bila kufungua meno.

"Bwana mkaguzi," Janeffer alisema, "Zacheus hayuko. Hajawahi kuwako. Hakuna mtoto hapa aliyemwona hata kivuli chake. Uliza yeyote."

Mkaguzi hakuuliza. Alifunua kurasa nyuma, akafunua mbele, akaweka kidole kwenye Novemba.

"Hapa yuko," alisema.

"Huo ni wino."

"Mama, mimi nimetumwa kukagua kitabu. Kitabu kinasema yuko, na mahudhurio yake ni mazuri kuliko ya mwalimu yeyote kaunti hii." Alimwelekeza kwa kidevu yule aliyekuwa mezani na vidole viwili. "Ninachohitaji ni mwalimu aliye mbele ya darasa. Kama si huyu, ni nani?"

Prinsipo alikuwa akitazama dari. Mwalimu, ambaye hakuwa na neno nje ya vipindi sitini na vinne, alisema mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu.

Janeffer aliinama. Chini ya jina la Zacheus palikuwa na mstari mtupu. Aliandika jina lake lote, na diploma yake pembeni, na saa aliyofika. Alivitazama vidole vyake. Vilikuwapo vyote, vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Ni mimi," alisema.

Mkaguzi alilinganisha sahihi na mwandishi, akaridhika. Kwenye fomu aliandika: walimu wa fizikia, wawili. Akampa Prinsipo mkono na kumpongeza, kwa sababu shule nyingi hazikuwa hata na mmoja. Prinsipo alishukuru. Kabla ya kufunga kitabu aliimalizia ile *Zac* kwa herufi nne zilizosalia, akaupuliza wino ukauke, wakatoka pamoja kwenda kunywa soda ofisini.

Janeffer alimwinua mwalimu kutoka kwenye suruali, akamrudisha kikapuni, akakipachika kikapu mgongoni, mdomo wa mwalimu ukiwa karibu na sikio lake. Akamgusa bega mara moja. Kisha akachukua chaki.

"Chepngeno, futa ubao," alisema. "Ninyi wa nyuma sogeeni mbele. Sirudii mara tatu."