Kidole Gumba cha Kinyozi

Kinyozi hakuwa anaumwa, tusidanganyane. Bandeji ya kidole gumba aliifunga mwenyewe saluni kwake, akiivuta kwa meno, baada ya kupiga hesabu zake. Kwenye ligi yao ya boling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, wachezaji hupangwa kwa wastani wa pointi, na yeye alikuwa akiongoza kwa unywele tu. Asipocheza mechi ya mwisho, wastani wake unabaki palepale. Akicheza vibaya, unashuka, na Nesi, aliyekuwa wa pili, anampita. Basi mgonjwa na akae benchi!

Lakini kukaa nako ni kazi. Mguu ulimchezacheza. Na siku hiyohiyo mama yake alikuwa amekuja kumtazama kwa mara ya kwanza, kajipamba, mkoba mapajani.

"Mwanangu, zamu yako lini?"

"Kidole kinauma, mama. Lakini leo utaniona namba moja."

"Namba moja umekaa?" Mama akaguna.

Nesi akapita na tufe lake mkononi. "Pole, kaka. Hebu nikiangalie, si ndiyo kazi yangu?"

"Acha tu, dada, kinauma hata kikitazamwa!"

Nesi akacheka, akaenda kurusha. Loo, alirusha! Pini zikaanguka zote, zikapangwa, zikaanguka tena. Kinyozi alitamani kuichana ile bandeji aingie uwanjani, lakini zamu yake ilishapita. Likabaki tufe moja: Nesi akiangusha zote, bingwa ni yeye. Tufe likaenda, pini zikalala. Moja ikayumba, ikayumba, ikasimama.

"Nimeshinda!" Kinyozi akaruka, akapiga makofi kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote.

Nesi akakitazama kile kidole. "Njia ya mwongo fupi, kaka."

"Kumbe kimepona!" Mama alifurahi kweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Kinyozi. "Basi nirushie moja tu, baba. Nimetoka mbali."

Akaifungua bandeji mbele ya watu wote, akashika tufe. Tufe likatoka vizuri, likapinda, likatumbukia kwenye mtaro wa pembeni bila kugusa hata pini moja.

Mama, ambaye mchezo wenyewe hakuujua, akasimama akapiga makofi. Alipiga peke yake.