Baiskeli ya Mke wa Mkuu wa Stesheni

Mwaka wa tisa wa uhuru, Hamimu alirudi mtaani kwake Bwiza kutoka Italia. Alikuwa fundi wa pikipiki, na tajiri wake alikuwa amempeleka Torino akajifunze injini mpya. Lakini Ijumaa ile, majirani walipojaa uani kwake baada ya swala, hakuna aliyeuliza habari za injini. Walitaka safari aliyoifanya siku za likizo, kwa treni na baiskeli, toka mashambani mpaka baharini.

Basi akawapa. Akasimulia jinsi treni ilivyokata mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, hata akadhani amerudi bonde la Rusizi. Jinsi ilivyoingia tumboni mwa mlima, giza likatanda mchana kweupe, naye bila kujua akashika mkono wa mtawa aliyeketi karibu.

"Mutawa mwanaume ao mwanamuke?" aliuliza mkewe, Asiya, akimimina chai.

"Muzee sana, Mama Mwanasiti," Hamimu alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mi sijauliza umri."

Watu wakacheka. Hamimu akafanya haraka kuitoa treni mlimani. Upande wa pili, akasema, ni bahari tupu, na nyumba zimeng'ang'ania majabali kama viota vya mbayuwayu. Hapo alishuka, akapanda baiskeli yake ya mbio, au kinga kama wanavyoiita Bwiza, akainamia usukani, Waitalia wenyewe wakabaki nyuma wakila vumbi.

"Na milima?" aliuliza Mzee Massoudi, jirani yao.

"Milima? Nilipanda kama ngazi ya nyumba! Mara moja tu nilisimama, mukate uliporuka kutoka ndani ya kikapu."

Asiya akaweka birika chini.

"Kikapu?"

"Eh."

"Kinga ya mbio iko na kikapu?"

Hamimu akapiga funda la chai, ikamuunguza ulimi. Alimtazama mkewe. Sura ile aliijua; ndiyo aliyoivaa Asiya akisubiri mtoto aseme mwenyewe nani kala sukari. Akaona hana pa kutokea, akakiri.

Ukweli ni kwamba alishuka kwenye stesheni ndogo kununua mkate, na treni ikaondoka na baiskeli yake ndani ya behewa la mizigo. Alikimbia akipiga kelele kwa Kiswahili, "Mungojee! Kinga yangu!" mpaka sakafu ya stesheni ikamwishia. Mkuu wa stesheni, mzee mnene mwenye masharubu, akapiga simu kituo cha mbele waishushe. Treni nyingine ilikuwa ya jioni. Mzee akamhurumia, akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na baiskeli ya mkewe: nyekundu, bomba lake limepinda chini ili sketi ipite, wavu kwenye gurudumu la nyuma, kikapu mbele. Mke mwenyewe akatoka, akamtilia mkate kikapuni kama anayemtuma sokoni.

Ndivyo Hamimu, kwa suti na tai alizovalia safari ya treni, alivyopita pwani ya Italia. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walimpigia makofi. Mlima wa kwanza tu akashuka akasukuma, na bibi mmoja juu ya baiskeli kama ile ile akampita, akamtupia neno ambalo hakulielewa, ingawa kicheko alikielewa vizuri.

"Lakini mutelemuko!" Hamimu alisema, na sauti yake ikabadilika. "Harufu ya malimau, upepo, bahari iko chini yako. Niliimba. Nikasahau kabisa niko juu ya kinga ya nani."

Uani watu walivunjika mbavu. Massoudi alivua kofia akafuta machozi. Asiya peke yake hakucheka.

"Wanawake ya kule wanaendesha wao wenyewe? Apana kubebwa nyuma?"

"Wote. Hata bibi."

"Basi unitengenezee moja."

"Mama Mwanasiti, watu watasema nini?"

"Watamaliza kwanza ya suti na kikapu. Yangu itangoja."

Hamimu akatafuta baiskeli kuukuu, akakata bomba, akalipinda, akaliunga. Kila alipopita, Massoudi alimuuliza kama sketi yake ya kuendeshea imeshashonwa.

Asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, Asiya alijifunga kitenge barabara, akapanda. Hamimu alishika kiti, akakimbia naye.

"Usiniachilie!"

"Niko hapa," alijibu Hamimu, naye alikuwa ameshaachia zamani.

Asiya akaenda, akaenda, akapita duka la kona, kisha akageuka kumtazama mumewe, akaingia moja kwa moja kwenye mafungu ya sombe ya muuzaji mmoja. Hamimu akaja mbio. Mkewe aliinuka, majani ya mihogo kichwani, akamwomba muuzaji radhi, akanyanyua baiskeli.

"Niambie ya kweli," alisema. "Kule Italia ulianguka mara ngapi?"

Uongo ulimjia Hamimu mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Tatu."

"Ah, basi mi nimebakiza mbili," alisema Asiya, akapanda tena.