Saini ya Bwanaheri

Zuena alikuwa amemaliza yote: miaka miwili ya chuo, stashahada ya elimu ya viungo, mifupa ya mwili aliyoikariri hadi akaiota, na muhula mzima wa kufundisha Kiongoroni, huko delta, ambako wenzake waliopangiwa walikimbilia vyeti vya daktari ili wasiende. Ilibaki saini moja. Mkaguzi aje, aone somo, asaini, leseni itoke. Shule ya mtu binafsi pale Kibiti, moja ya zile zilizokuwa zikifunguliwa kila kona miaka ile ya tisini, ilishamwahidi kazi, ilimradi leseni ifike kabla mwezi haujaisha.

Mkaguzi aliitwa Bwanaheri. Alikuwa na tumbo la kukagulia na viatu vya kung'aa. Alipanga somo Jumatatu, saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Zuena akamwandikia: siku hiyo ni bamvua, saa nne maji yamekupwa kabisa, boti haifiki kijijini, tafadhali aje alfajiri. Jibu lilirudi na mhuri: "Ratiba ya ofisi haipangwi na samaki."

Basi akaja na ratiba yake. Boti ikakwama kwenye tope, hatua mia kabla ya nchi kavu. Mtoto wa miaka sita wa Kiongoroni angekaa ndani akasubiri maji. Bwanaheri akashuka. Tena akashuka na viatu.

Akazama magotini. Alipojikakamua, akazama mapajani, faili ameliinua juu ya kichwa.

"Mwalimu mkuu! Fanya kitu!"

Mwalimu mkuu Mshamu, aliyevaa suti ya mtumba kwa heshima ya ugeni, aliitazama suruali yake. "Mwalimu Zuena," akasema, "mgeni wako huyo."

Saa nne kamili. Darasa la sita walikuwa wamejipanga uwanjani, wakisubiri somo la kuruka juu. Zuena akapuliza filimbi, akawashusha ufukweni.

"Tumebadili somo. Leo usawa wa mwili. Semeni, tope linatembewaje?"

"Usisimame, mwalimu! Mguu ukikaa, tope linaumeza."

"Na aliyezama?"

"Analala kifudifudi, ndiyo anavutika!"

"Bwana Mkaguzi," Zuena akaita, "lala kifudifudi."

"Mimi?"

"Lala, mzee wangu. Kipindi ni dakika arobaini tu."

Akalala. Watoto wakamfuata wepesi kama kaa, wakampa kamba ya boti, wakahesabu, wakamburura. Zuena akawa anasahihisha migongo: "Kunja magoti, Dulla! Vuta kwa mapaja, siyo kwa kiuno!"

Baadaye, ofisini kwa Mshamu, Bwanaheri aliketi ndani ya msuli wa kuazima. Andalio la somo lilikuwa mezani, limeandikwa upya, wino bado mbichi. Akafika kwenye vifaa vya kufundishia, akasoma kwa sauti: "Kamba moja. Mkaguzi mmoja."

Mshamu alikohoa, akatoka nje. Kicheko chake kilipenya dirishani.

"Umenifanya kifaa?"

"Kwani ulikuwa nani kule, mzee? Mwanafunzi?"

"Nimekagua walimu wa viungo miaka kumi na moja!"

"Ukiwa umekaa kitini."

Bwanaheri akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika barua ya kuomba radhi. Umeacha uwanja, umebadili somo bila kibali, umemdhalilisha mkaguzi. Andika, nasaini sasa hivi. Usipoandika, leseni uisahau."

Zuena aliiona ile shule ya Kibiti, uwanja wake wenye magoli yenye nyavu. Kisha akalitazama tope lililokuwa likikauka kwenye sikio la Bwanaheri.

"Somo umeliona?"

"Nimeliona."

"Kuna mtoto aliyezama?"

Bwanaheri akaigonga ile karatasi kwa kidole.

Zuena akamrudishia karatasi tupu. "Maji yanajaa saa kumi, boti yako itaelea. Saini, usisaini, shauri yako. Radhi siombi."