Aliyetumwa Petali

Jumapili alasiri Nyakio aliketi mlangoni pa chumba chake cha kupanga kule Riruta, akafumua nywele. Zilikuwa rasta za wiki mbili tu, bado zinabana. Lakini Valarie, mtaalamu wa kliniki ya Hurlingham, alikuwa amemwambia kwa simu bila kuzungukazunguka: "Dada, mashine yetu inasikiliza ngozi ya kichwa. Hizo rasta ni kama pamba masikioni."

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Daktari aliiita hali yake ADHD, yaani akili isiyotulia, akamwandikia dawa, kisha akasema anaweza pia kujaribu mazoezi ya ubongo. Nyumbani kwao Waithaka walikuwa wameshaipa jina zamani: Randaranda. Ndiye aliyetumwa chumvi akarudi na paka wa jirani. Baba yake peke yake ndiye aliyecheka. Mzee Kiarie alimwita Maitu, mama yangu, kwa kuwa Nyakio alikuwa amerithi jina la mama mzazi wa mzee huyo, na kila aliporudi kuchelewa alimuuliza vilevile: "Maitu, umefika?"

"Nimefika, Baba."

Mwaka uliopita walimzika Mzee Kiarie nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi. Jeneza likiwa bado juu, mama yake, Waithera, alimnong'oneza: "Kimbia ulete kiondo cha petali za waridi." Akakimbia. Kwenye tangi akakuta mfereji unamwaga maji, akaufunga. Akaona mtoto ameanguka, akamfuta vumbi. Akakumbuka sahani hazitoshi. Aliporudi na kiondo chake, vijana walikuwa wakisawazisha kilima cha udongo kwa koleo. Mchungaji alikuwa amemwita mara tatu aje kurusha udongo, na mara tatu waombolezaji waligeuza shingo.

Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Baba yako ameenda akiuliza uko wapi." Tangu siku hiyo, Nyakio alipokuja kumtembelea, mama aliinuka akaenda kaburini peke yake. Hakuwahi kumwambia twende. Neno hilo moja ndilo lililompeleka Nyakio Hurlingham.

Valarie alimbandika vifundo vinne vya waya kichwani kwa gundi nyeupe, akamtia vibanio masikioni, akamketisha mbele ya skrini.

"Akili ikitulia, picha inang'aa na sauti inapanda. Ikitoroka, picha inafifia."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Tazama. Kichwa chenyewe kitatafuta njia."

"Na kisipoipata?"

"Kuna wanaosaidika, na kuna wale tunamaliza vikao thelathini na hatuoni tofauti. Sitakudanganya. Na dawa zako usiache. Umeleta filamu yako ya kutazama, kama nilivyokuomba?"

Alikuwa ameleta flashi yenye sherehe ya mahari ya binamu yake, Mwihaki. Ndivyo alivyodhani. Sammy, mpiga video wa Waithaka, alitia kazi zake zote katika bahasha nyeupe zinazofanana kama mayai. Kwenye skrini ikatokea picha ya Mzee Kiarie, na chini yake tarehe mbili. Nyakio angeweza kusema simamisha. Lakini angekuwa anakiri, dakika ya kwanza ya matibabu, kwamba amebeba kisichotakiwa. Akaiacha iendelee.

"Ni sherehe?" Valarie aliuliza.

"Ni ya familia."

Wiki za kwanza picha ilikuwa karibu giza tupu. Mahema yalielea kama ndani ya ukungu, kwaya iliimba kutoka mbali. Kikao cha sita, mazishi yaling'aa kwa mara ya kwanza. Akamwona mama, kisha pengo la upana wa mtu mmoja, kisha kaka yake Ndegwa. "Nyakio," mchungaji aliita. Shingo zikageuka. "Nyakio." Zikageuka tena.

Kikao cha tisa, ndani ya pengo lile kulikuwa na kivuli.

"Skrini yenu ina doa," Nyakio alisema.

Valarie aliipangusa kwa kitambaa. "Haina kitu. Labda ni wewe umetoroka."

Hakuwa ametoroka. Picha ilikuwa inawaka.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, aliitazama video ile kwenye kompyuta ya duka la mapazia alikofanya kazi, katikati ya jiji. Pengo lilikuwa tupu. Ungeweza kuuona mparachichi kupitia hapo. Alifunga kompyuta, akarudi kukata kitambaa, akakikata sawasawa, kama alivyofanya wiki nzima. Tajiri wake alipima mara mbili kwa futi yake mwenyewe.

"Nyakio, umeokoka ama?"

"Bado, bosi. Niko njiani."

Kikao cha kumi na tano kivuli kilikuwa mwanamke. Alivaa gauni jeusi alilovaa Nyakio siku ile. Lakini siku ile Nyakio alikuwa amesuka, na mwanamke huyu nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama, na ndani yake madoa manne ya gundi nyeupe. Nyakio aliinua mkono aguse kichwa chake. Kule kaburini, mwanamke naye akainua wake.

"Usisonge," Valarie alisema nyuma yake. "Unaenda vizuri sana."

Mwingine angeacha kwenda. Nyakio hakuacha, kwa sababu alikuwa ameona jambo jingine: katika kikao hicho mchungaji alimwita mara mbili, si tatu.

Kikao cha ishirini na moja alimwita mara moja tu. Mwanamke wa nywele zilizofumuliwa aliinama, akachota udongo, akaurusha. Sauti ilipanda mpaka Nyakio akausikia ukidondoka juu ya ubao. Mama aligeuka akamshika mwanamke yule mkono. Kisha, pembeni kabisa mwa picha, upande wa tangi, akatokea msichana mwenye rasta, amebeba kiondo, anakimbia huku akihema. Alisimama nyuma ya umati. Akainua kisigino atazame, akahesabu watu wa familia yake, akaona hawakupungukiwa na mtu. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Dakika kumi na moja bila kutetereka," Valarie alisema, akibandua vifundo. "Tangu nianze kazi hii sijaona." Kisha akasita. "Dada, umekuwa ukilima?"

Nyakio alitazama mikono yake. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimejaa udongo mwekundu.

Hakurudi kazini. Alienda moja kwa moja Waithaka. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, kikombe mkononi.

"Nimetoka kuangalia ile video ya Sammy," mama alisema. "Sijui kwa nini nilikuwa na kinyongo na wewe. Ulisimama na mimi. Ulinishika mkono." Akamkagua kichwa. "Tatizo ni nywele tu. Siku ya kumzika baba yako, si ungesuka hata laini mbili?"

"Nisamehe, Mama."

"Haya, inuka. Twende tumsalimie."

Neno lenyewe lilikuja jepesi hivyo. Walipita njia ya nyuma, mama mbele. Mfereji wa tangi ulikuwa unamwaga maji. Kabla hawajaufikia, ulijizungusha polepole, ukanyamaza.

"Nani amefunga?" mama aliuliza.

Nyakio aliendelea kutembea. Walisimama kando ya kaburi. Mama alifumba macho, akaanza kuomba kwa Kikuyu, polepole, kama kawaida yake.

Ndipo zikaja mbio. Miguu ya mtu aliyechelewa ilivuka nyasi nyuma yao, na pamoja nayo harufu ya mawaridi yaliyochumwa leo. Zamani Nyakio angegeuka. Angegeukia hata nzi. Sasa shingo yake ilikaa mbele, imetulia, na kila kitu mbele yake kilikuwa kinang'aa: msalaba, majani, makunyanzi ya mikono ya mama.

"Maitu," sauti ya mwanamume ilisema kwa upole, kutoka upande ule ule wa nyuma. "Umefika?"

Nyakio alifungua mdomo.

"Nimefika, Baba," sauti yake mwenyewe ilijibu huko nyuma, ikihema, ikicheka.

Kisha hatua za watu wawili, zisizo na haraka, zikielekea mparachichi, na halafu ukimya.

"Amina," mama alisema. Akafumbua macho. Petali nyekundu zilikuwa zimelala juu ya kaburi, bado zina umande. "Kumbe ulizileta," akasema, akamfinya mkono. "Umetulia siku hizi mpaka unanitisha."

Nyakio alisimama akingoja akili yake imtoroke, ikawafuate japo hatua mbili. Haikwenda popote.