Wajina wa Mvua

"Jina lake nani?" nesi aliuliza, vidole vyake vikiwa kwenye mkono wa mgonjwa.

"Msumari," akajibu fundi plasta.

"Hilo ni jina au kifaa?"

Siku nyingine fundi angecheka. Rafiki yake alikuwa amelala chali, kichwa kimezungushwa bendeji, vumbi la saruji lingali kwenye kope. Ubao wa jukwaa ulikatika asubuhi, naye akaanguka nao mpaka chini. Tangu hapo hajafumbua macho.

"Mwite jina aliloitwa na mama yake," nesi akasema, kwa upole sasa. "Wengine hulisikia hilo hata wasiposikia jingine. Akizidi kukaa hivi, kaka yangu, daktari ana wasiwasi naye."

Fundi akajikuna shingo. Chumba kimoja, sufuria moja, miaka yote ile, na alichokuwa nacho ni Msumari tu. Msimamizi naye alijua hilo hilo. Pale kwenye ujenzi walitoka kila pembe, kila mtu na lugha yake, na jina refu ni mzigo: huyu Msumari, yule Kijiko, haya, kazi iende.

Ila aliwahi kudokeza. Jioni moja paa lao lilivuja, wakawa wanahamisha godoro huku na huku, Msumari akacheka: "Iheshimu mvua, ni wajina wangu huyo." Jina lenyewe? "Nitakwambia siku yake," akajifunika shuka. Fundi hakuuliza tena.

Basi maana anayo, jina hana.

Akatoka mbio. Nyuma ya soko palikuwa na dobi mmoja, mwanamke, aliyesema lugha ya Msumari. Yeye na Msumari walizoea kusalimiana kwa mbali. Alimkuta akipiga pasi, jasho likimtiririka.

"Dada, yule ndugu yako mwembamba, anaitwa nani?"

"Tunaitana ndugu, basi. Ugenini inatosha. Kuna nini?"

Akamweleza, pumzi zikimkatika. "Kwenu mvua mnaiitaje?"

Dobi akaisimamisha pasi. "Mvua ipi? Aliyezaliwa na mvua ya kwanza baada ya ukame ana jina lake. Wa manyunyu yasiyokatika, lake. Wa mvua iliyoangusha nyumba, lake tena. Mama yake alijifungua na ipi?"

"Sijui."

"Mnalala chumba kimoja na hujui?"

"Sijui, dada."

Dobi alilitazama shati la watu mezani, nusu limenyooka, nusu makunyanzi. Kisha akamwaga makaa. "Twende. Na wewe, jina lako lina maana gani?"

"Babu alilisikia kwa wageni waliokuwa wakipita, likampendeza. Hata yeye hakujua maana yake."

"Afadhali yako," dobi akasema, nao wakazidisha mwendo.

Wodini dobi aliinama sikioni kwa Msumari. Jina la kwanza lilikuwa fupi, lililofungwa kwa midomo. Akaliita, akaliita tena. Kimya. La pili alilivuta, kama mtu anayemwita mtoto aliye ng'ambo ya shamba. Kimya. Nesi akatazama pembeni.

"Limebaki lile baya," dobi akanong'ona. "La nyumba kuanguka. Mtu aliyeanguka, naogopa kumwita hilo."

"Mwite."

Akaita. Jina zito, lenye kugonga kooni mara mbili. Koo la Msumari likapanda, likashuka. Lilikuwa jina, au ni mate tu? Nesi akasogea karibu.

Machozi yalikuwa yakimtoka dobi. "Mimi sauti yangu haijui. Yako anaijua."

Fundi akapiga magoti, akalijaribu. Likatoka limepinda. Akalirudia, likapinda upande wa pili, naye akazidi kusogea mpaka pumzi zao zikakutana. Midomo ya Msumari, mikavu, ikaachana kidogo, kama ya mtu anayetaka kumsahihisha mwenzake.